Kuzibua tundu la maji bafuni kwa siki, ndimu na magadi

Maji yakianza kukufika vifundoni kabla hujamaliza kuoga, ujue bomba halikuziba jana. Limekuwa likijibana taratibu kwa miezi, na njia iliyobaki katikati ya uchafu sasa ni nyembamba kama kidole. Uzuri wake ni kwamba sehemu kubwa ya uchafu huo hukaa karibu na mdomo wa tundu, mara nyingi ndani ya sentimita 30 za mwanzo, na vitu vya kuutoa viko jikoni au duka la jirani.

Kuna ushauri unaozunguka sana ambao unamalizia watu siki yao bure: mwaga soda ya kuokea, mwagia siki juu yake, tazama povu linavyopanda, subiri, suuza. Povu linapendeza macho, lakini kazi inayofanyika chini ni ndogo. Siki ni tindikali na soda ni kinyume chake. Zikikutana zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni gesi iliyokwisha kupanda juu na maji ya chumvichumvi yasiyokata mafuta wala chokaa. Njia tunayoieleza hapa inatumia vitu vya aina hiyohiyo, ila kila kimoja kwa zamu yake, na baada ya nywele kutolewa kwa mkono.

Ndani ya bomba kuna nini

Nywele ndizo mifupa ya kizibo chote. Unywele mmoja unanasa kwenye kona au kwenye ukingo wa chujio, wa pili unajisokota juu yake, na baada ya wiki chache kuna wavu. Wavu huo unakamata kila kinachopita: mchanga wa miguuni, nyuzi za nguo zinazofuliwa bafuni, vipande vya dodoki, mafuta ya nywele na ya mwili. Nyuzi za rasta ni balaa zaidi, kwa sababu ni plastiki. Hazilainiki, hazikatiki, na moja ina urefu wa kutosha kufika kwenye kona na kurudi.

Juu ya wavu huo unakaa utando wa sabuni. Sabuni ya mche au ya kipande ikikutana na maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi kama ya visima vingi vya pwani kwenye mwamba wa matumbawe, haiyeyuki yote. Sehemu yake inaungana na chokaa ya maji na kuwa utomvu wa kijivu usioyeyuka tena. Ndiyo maana sabuni inagoma kutoa povu kwenye maji ya namna hiyo, na ndiyo maana bafu za nyumba zinazotumia visima huziba mapema kuliko zile zinazotumia maji ya mvua. Utomvu huo ndio gundi inayoshika nywele ukutani mwa bomba.

Kwa hiyo kuna adui watatu, na kila mmoja ana dawa yake. Nywele zinatoka kwa kuvutwa tu. Siki watu wanaoshea nywele kichwani na haziyeyuki, hazitayeyuka bombani. Utando wa chokaa na sabuni unavunjwa na tindikali: siki, ndimu au limau. Mafuta yanavunjwa na kitu cha alkali, yaani kinyume cha tindikali, pamoja na joto, na hapo magadi hayana mpinzani. Mchanga hauna dawa ya jikoni. Unachotwa, au unasukumwa na maji mengi.

Kwanza hakikisha tatizo ni la bafuni

Kabla hujagusa kitu, mwaga ndoo nusu ya maji kwenye karo la jikoni na nyingine chooni. Kama huko nako maji yanasuasua, au ukivuta choo maji yanapanda kwenye tundu la bafu, kizibo hakiko bafuni. Kiko mbele zaidi: kwenye chemba ya nje, kwenye bomba kubwa la inchi 4, au shimo lenyewe limejaa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, nyumba za maeneo ya bonde hupata shida hii kwa sababu ardhi imeshiba maji na shimo haliwezi kunywa tena. Siki lita kumi hazitasaidia hapo. Fungua mfuniko wa chemba uone. Ikiwa kavu huku bafuni maji yamesimama, kizibo kiko kati ya bafu na chemba, na kazi ni yako. Ikiwa imejaa hadi juu, kizibo kiko baada ya chemba.

Kwenye nyumba ambazo maji ya bafu yanatoka moja kwa moja kwenda kwenye migomba, nenda kaangalie mdomo wa bomba huko nje pia. Mizizi inapenda maji hayo, na mara nyingi inaingia bombani hatua chache kutoka mwisho, au udongo wa mvua umefunika mdomo wote. Hilo linamalizwa kwa jembe.

Kisha pima. Chukua ndoo, weka lita 10, mimina taratibu kwenye tundu na hesabu sekunde hadi maji yaishe sakafuni. Bomba zima la inchi 2 hulimeza hilo ndani ya nusu dakika hivi. Andika namba uliyoipata. Utaihitaji mwishoni, kwa sababu macho yanadanganya. Watu wengi huacha kazi ikiwa nusu kwa kuona tu maji yanakwenda.

Vitu vya kuandaa

Vya kuvulia nywele: bisibisi, tochi, glavu za mpira, spoku moja ya baiskeli na tai ndefu ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, yenye urefu wa sentimita 30 au zaidi. Spoku ni ngumu na nyembamba, inafaa kuliko waya wa kufungia nondo, ambao unajikunja ukikutana na upinzani. Pinda ncha yake kwa plaizi upate ndoano ndogo ya nusu sentimita. Kwenye tai ya plastiki, kata vijino vya mshazari kila baada ya sentimita mbili, pande zote mbili, ncha za vijino zikielekea upande utakaoshika kwa mkono. Hivyo inaingia laini na inatoka ikiwa imekamata.

Vya kumwaga: siki nyeupe nusu lita, ya asilimia 5 (soma lebo), au maji ya ndimu. Ndimu 12 zenye maji mengi hutoa kama mililita 300, na ukali wake haupishani sana na wa siki. Chuja mbegu na nyama zake, zisije zikawa kizibo kingine. Ukwaju nao una tindikali, lakini una sukari na nyuzi nyingi. Uache kwa samaki.

Magadi: vijiko vinne vya chakula vilivyotwangwa. Tunasema yale magadi ya sokoni, mawe ya kijivu au ya udongo wanayolainishia maharage na makande, yanayotoka kwenye maziwa kama Magadi la Kenya na Natron la Tanzania. Ndani yake kuna mchanganyiko wa asili wa soda ya kufulia na soda ya kuokea, kwa hiyo ni makali kuliko soda ya kuokea peke yake na yanakata mafuta vizuri zaidi. Yana mchanga pia. Yayeyushe kwenye maji ya moto, acha yatulie dakika tano, kisha chuja kwa kitambaa. Utaona tope lililobaki chini, na hilo usilimwage bombani.

Usiyayeyushe kwenye sufuria ya alumini. Magadi yanaila alumini, sufuria inageuka nyeusi na maji yanapoteza nguvu. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Kama huna magadi, soda ya kuokea inafaa kwa nguvu pungufu: weka vijiko sita badala ya vinne. Angalia pakiti kwa makini. Bekingi pauda siyo soda ya kuokea. Ina tindikali yake ndani, ambayo inamaliza soda ikilowa tu, na ina wanga ambao kwenye maji ya moto unakuwa uji. Tutakuwa tumepika gundi. Hamira haihusiki kabisa. Kwa wenye kupikia kuni, maji ya majivu yaliyochujwa mara mbili yanafanya kazi ya magadi: majivu kikombe kimoja, maji ya moto lita mbili, yalale usiku kucha, kisha yachujwe. Majivu yenyewe yasiingie kwenye tundu.

Toa nywele kwa mkono

Hapa ndipo kazi ilipo. Atakayeruka hatua hii atarudi baada ya wiki.

Fungua chujio. Aina nyingi zina skrubu moja au mbili. Nyingine zimechomekwa tu na zinanyanyuka kwa kuchomeka bisibisi pembeni. Kama fundi alilijaza grauti pembeni, ile simenti ya kuzibia nafasi kati ya vigae, pitisha kisu kizee kuzunguka ukingo hadi lilegee, usilikong'ote, kigae kitapasuka. Chini ya chujio, kwenye matundu mengi ya bei nafuu, utakuta kikombe kilichofunikwa kama kofia. Kofia hiyo ndiyo inayobakiza maji ya kuzuia harufu na mende. Inyanyue. Mara nyingi nusu ya kizibo chote imejiviringa chini yake, na ukiishaiosha kwa brashi na maji ya sabuni, kazi inaweza kuwa imekwisha hapohapo. Watu wengine wameitupa kofia hiyo kwa hasira ya kuziba kila mara, halafu wanashangaa bafu linanuka. Irudishe kila ukimaliza.

Kama hakuna kofia, basi bomba lina kona iliyopinda chini ya sakafu, ambayo mafundi huiita trapu. Mulika kwa tochi. Chota maji yaliyosimama kwa kopo, yaliyobaki yafyonze kwa tambara. Ingiza spoku ukiifuata kuta za bomba, si katikati, kwa sababu katikati ndipo maji yanapopita na pembeni ndipo uchafu uliposhika. Ukihisi ulaini wenye kung'ang'ania, zungusha spoku mara nne au tano upande mmoja, kama unavyosokota uzi kwenye kijiti, kisha vuta polepole. Ukivuta kwa haraka kamba inakatika na nusu inazama.

Kinachotoka ni kamba ya kijivu inayoteleza, yenye harufu ya yai bovu. Ikate katikati kwa mkasi uitazame: nywele zimesokotana kama mkeka, katikati kuna nta nyeupe ya sabuni, na ukiisugua kati ya vidole unasikia punje za mchanga. Hicho unachokiona ndicho kitakachokuambia zamu ya dawa. Nta ikiwa nyingi, ngumu na nyeupe, siki ndiyo kazi kubwa. Ikiwa ni nyeusi na inateleza kama grisi, mafuta yamezidi, na magadi ndiyo utakayoyarudia mara mbili.

Endelea hadi spoku itoke tupu mara tatu mfululizo. Kisha ingiza tai ya plastiki, ambayo inakunja kona spoku isipofika, uisukume na kuivuta mara kadhaa. Usilazimishe kitu kigumu kwenye kona. Viungo vya bomba la plastiki vimeunganishwa kwa gundi, na kiungo kikiachia chini ya sakafu utakuja kukijua kwa unyevu ukutani mwa chumba cha pili. Taka zote zitie kwenye mfuko na ndoo ya taka, usizirudishe chooni.

Mwisho wa hatua hii, mimina lita tano za maji ya kawaida. Kama yanashuka vizuri, bado fanya zamu mbili zinazofuata. Utando uliobaki ukutani ndio utakaonasa nywele za kesho.

Siki kwanza

Tindikali inatangulia na alkali inafuata. Sababu yake ni hii. Ule utomvu mgumu ni mafuta ya sabuni yaliyofungwa na chokaa, na magadi hayawezi kuvunja kifungo hicho. Siki inaichukua chokaa na kuyaacha mafuta yakiwa huru, laini, yenye kuteleza. Mafuta hayo huru ndiyo chakula cha magadi: yanageuzwa kuwa sabuni inayoyeyuka na kuondoka na maji. Ukigeuza mpangilio, magadi yanaosha juujuu na siki inalegeza kitu ambacho hakuna wa kukibeba.

Fyonza maji ya kwenye trapu tena kadiri unavyoweza. Hili linadharauliwa sana. Trapu ikiwa na nusu lita ya maji na wewe ukamimina nusu lita ya siki, ukali umekwisha nusu kabla haujagusa kitu. Pasha siki iwe ya uvuguvugu tu, isichemke, maana mvuke wake unachoma pua. Imimine taratibu kwa faneli au chupa yenye mdomo mwembamba, uielekeze kwenye kuta za bomba, ukizunguka. Iache dakika 45 hadi saa moja. Utasikia mchemko mdogo. Hiyo ni chokaa inayoliwa.

Siki isimwagike sakafuni ikakaa. Inakula grauti ya simenti, terazo na marumaru, na alama yake haitoki. Ikimwagika, isuuze papo hapo. Kwenye grauti iliyowekwa wiki hii, subiri kwanza.

Baada ya muda huo, mimina lita tano za maji ya kawaida ili kuondoa siki yote. Usiruke suuza hii, la sivyo magadi yatatumia nguvu zake kupambana na siki iliyobaki, na tunarudi kwenye lile povu la bure.

Kisha magadi ya moto

Maji yawe ya moto kiasi gani? Bomba la plastiki, lile la PVC, linaanza kulegea maji yakikaribia nyuzi 80, na kwa matumizi ya kawaida halitakiwi kuzidi nyuzi 60 hivi. Maji yanayotokota yakimwagwa moja kwa moja yanaweza kulegeza viungo vyake. Kipimo rahisi kisichohitaji kipimajoto: lita moja iliyochemka na lita moja ya bombani. Kwa maji ya bombani ya nyuzi 27, unapata nyuzi 60 na kidogo. Mkono hauvumilii ndani yake zaidi ya sekunde moja au mbili, lakini bomba linavumilia. Usijaribu kwa mkono, amini vipimo.

Yeyusha vijiko vinne vya magadi kwenye lita moja ya moto, acha yatulie, chuja, kisha ongeza lita ya pili, nayo iwe imechanganywa nusu kwa nusu ili joto lisishuke sana. Ongeza kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Fyonza maji ya trapu. Vaa glavu na miwani kama unayo, maana magadi yakiruka jichoni yanawasha vibaya. Yakiruka, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na uende zahanati.

Mimina lita moja, subiri dakika kumi, mimina ya pili, subiri dakika 20. Usisubiri usiku kucha. Joto likishaondoka mafuta yaliyolegea yanaanza kuganda tena, na yataganda mbele zaidi ambako mkono haufiki. Dakika 20 zikiisha, fuata na ndoo nzima ya lita 20, nusu yake ikiwa ya moto kwa kipimo kilekile, uimimine kwa mkupuo mmoja. Uzito wa maji yanayoshuka kwa pamoja ndio unaobeba mchanga na mafuta hadi chemba. Kopo moja moja halifanyi hivyo.

Kama maji ya bafu lako yanakwenda kwenye migomba au bustani, elekeza maji ya siku hiyo kwingine au yakinge kwa ndoo mwishoni mwa bomba. Udongo unaonyeshewa magadi mara kwa mara unakuwa mgumu na wa chumvi.

Kusukuma

Kizibo kikiwa bado kipo, kinahitaji kusukumwa na kuvutwa. Pampu ya mpira ya kuzibulia, iliyo bapa chini, ndiyo ya sakafuni. Ile yenye mdomo uliochongoka ni ya choo. Acha maji yasimame kwenye tundu kina cha sentimita tano ili mpira ushike. Ziba kwa tambara lililolowa tundu la sinki la kunawia mikono kama linaingia kwenye bomba hilohilo, la sivyo utakuwa unasukuma hewa itokee huko. Piga mapigo 15 hadi 20. Nguvu iwe kwenye kuvuta juu kuliko kusukuma chini: kusukuma kunakikandamiza kizibo, kuvuta kunakilegeza na kukileta karibu na spoku yako.

Hakuna pampu? Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ijaze maji ya moto kwa kipimo kile, zungushia shingo yake tambara lililolowa, ichomeke kichwa chini kwenye tundu na uibinye kwa mikono miwili kwa ghafla. Rudia mara tano au sita. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini msukumo wake kwenye bomba la inchi 2 ni mkubwa.

Sasa pima tena lita 10 na ulinganishe na namba yako ya mwanzo. Kama muda umepungua lakini bado haujafika nusu dakika, rudia siki na magadi kesho, kwa mpangilio uleule. Usirudie mara ya tatu. Kitu kisichotoka kwa mizunguko miwili si utando, ni kitu kigumu: kipande cha sabuni, mfuniko wa chupa, simenti ya mafundi wa vigae.

Kama unalipenda lile povu

Lina nafasi moja: baada ya kazi yote, kuchokonoa uchafu mwepesi chini ya kofia au chujio. Lakini vipimo vya watu wengi haviendani. Kikombe kimoja cha siki, mililita 250, kinamalizwa na gramu 17 za soda, yaani kijiko kimoja cha chakula na kidogo juu. Ukiweka nusu kikombe cha soda, sehemu kubwa inakaa bombani kama tope. Na usizibe tundu kwa nguvu ili “gesi isukume”. Kikombe hicho kinatoa kama lita tano za gesi, na maji na hewa hufuata mkondo ulio rahisi: itarudi juu kupitia kizibo chako na kukurushia usoni. Chumvi wanayoongeza wengi haivunji chochote. Ibaki jikoni.

Kisichochanganywa kamwe

Siki au ndimu ikikutana na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile wengi wanayoiita jiki, inatoa gesi ya klorini. Inachoma macho, koo na mapafu, na bafu zetu ni ndogo zenye dirisha la kiganja. Kama mtu amemwaga jiki leo au jana, suuza ndoo mbili za maji kwanza na uache hadi kesho yake. Kama maji yamesimama na hayaendi, usimimine tindikali yoyote. Vivyo hivyo kama imewekwa kostiki au dawa ya kuzibulia ya dukani: usichokonoe, usipige pampu, maana kile kinachoruka kinaunguza ngozi. Mwambie na fundi kabla hajainama.

Ili isirudi upesi

Kata kipande cha chandarua kilichochakaa, kikunje mara mbili, kiweke chini ya chujio na ukifunge pamoja nalo. Kinakamata nywele zote na bado maji yanapita. Kivue kila Jumamosi, kipanguse nywele na kukisuuza. Anayefumua rasta afanyie kazi hiyo nje, juu ya gazeti. Wenye maji ya kisima wamimine kikombe cha siki mara moja kwa mwezi na lita mbili za magadi ya moto siku inayofuata. Wenye maji laini mara moja kwa miezi mitatu inatosha.

Ukisafiri kwa zaidi ya wiki mbili, mimina lita mbili za maji kwenye tundu na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta yanaelea na kuzuia maji ya trapu yasikauke, mende wasipate njia.

Siku ya kumwita fundi

Mwite kama mizunguko miwili imeshindwa, kama sakafu au ukuta wa jirani unalowa, kama maji ya choo yanapanda bafuni, au kama tundu linagugumia kila mtu akivuta choo, dalili kwamba bomba la kupumulia limeziba au halikuwekwa. Usikubali vigae vivunjwe siku ya kwanza. Mwombe aanze na waya wa kuzibulia kutokea chemba kurudi ndani, na kabla hajaanza mpe mambo matatu: sekunde za lita 10 kabla na baada, ulichokikuta kwenye spoku, na tai ya plastiki iliishia sentimita ngapi. Kwa hizo sentimita anajua kama kizibo kiko kwenye trapu au kimeshavuka kuelekea nje, na kama itabidi kuvunja, atajua avunje kigae kipi.